Bega Bovu na Bunduki ya Kuwindia: Maswali Yenu, Majibu Yangu

Barua za safari hii karibu zote ni za bega. Sijui ni umri unatufikia wote kwa pamoja au ni msimu unakaribia watu wameanza kutoa bunduki kabatini, ila nimechagua zile zenye maswali yanayojirudia. Na tuelewane mapema, mi ni mtu wa bunduki, mambo ya kano na mifupa anayo daktari wako, mi nakwambia tu kinachotoka kwenye kitako na namna ya kukipunguza.

SWALI: Habari fundi. Nina miaka 61, mwaka juzi nilipasuliwa bega la kulia, kano ilichanika ikashonwa. Daktari ameniruhusu kurudi kuwinda ila kasema nianze taratibu. Bunduki yangu ni .300 Winchester Magnum, kilo 3 tu pamoja na darubini, niliinunua nyepesi makusudi kwa ajili ya kupanda milima. Nimefunga raba nene kwenye kitako na bado nikipiga risasi mbili tatu usiku silali. Ninunue raba nyingine au niweke breki ya mtutu?
*Mzee wa Milimani*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Raba yako haina kosa lolote, iache. Tatizo ni hiyo risasi ukichanganya na huo wepesi, yaani umechukua pigo kubwa ukaipa bunduki ndogo ilibebe, afu linamalizikia kwenye kano iliyoshonwa.

Pigo la bunduki linatokana na vitu vinne basi. Uzito wa kichwa cha risasi, mwendo wake, wingi wa baruti, na uzito wa bunduki yenyewe. Vitatu vya kwanza vinaongeza, cha nne kinapunguza. Baruti ndo watu wanaisahau, wanadhani kinachosukuma bunduki nyuma ni kile kichwa tu, kumbe baruti ikishaungua ile gesi inatoka mtutuni kwa mwendo mkubwa kuliko hata kichwa chenyewe, na yenyewe inasukuma nyuma vilevile. Kwenye .300 yako zaidi ya theluthi moja ya msukumo wote ni gesi.

Nimepiga hesabu kwa bunduki ya kilo 3.5 ili tulinganishe kwa haki. Haya majina ni aina za risasi, greni ni kipimo cha uzito wa kichwa, na jouli ni kipimo cha nishati ya pigo. .243 Winchester na kichwa cha greni 100 inakupa kama jouli 13 begani. 6.5 Creedmoor ya greni 140 ni kama 18, 7mm-08 ya greni 140 iko kwenye 20, .308 ya greni 150 iko 22 hivi, .30-06 ya greni 180 inafika 31, halafu .300 Winchester Magnum na kichwa hichohicho cha greni 180 inapanda mpaka 42. Yako wewe ni ya kilo 3, kwa hiyo weka 49. Namba zinacheza kidogo kutegemea baruti na kiwanda ila mpangilio wake ni huo huo popote utakapoenda. Watu wengi wenye mabega mazima kabisa wanaanza kulalamika wakivuka 20 au 25, sasa wewe uko mara mbili ya hapo na bega la kushonwa, unategemea raba ifanye nini?

Kwa hiyo mzee wangu cha kwanza ni kushuka kaliba, yaani kuhamia bunduki ya risasi ndogo zaidi. Najua hutaki kusikia, hakuna mwenye Magnum anayetaka kusikia, lakini hebu jiulize wanyama uliowapata miaka yote hii uliwapiga umbali gani. Kama ni mita 200 kurudi chini na ni wanyama wa saizi ya swala mkubwa, 7mm-08 au 6.5 Creedmoor inamaliza kazi ileile kwa pigo lisilofika nusu ya hilo ulilonalo. Mnyama anakufa kwa sababu kichwa cha risasi kizuri kimepita kwenye mapafu na moyo, na mtu anayeiogopa bunduki yake hafikishi kitu pale, anapiga tumbo.

Kama kuuza bunduki hutaki, nunua risasi zilizopunguzwa nguvu kiwandani. Hornady walitoa Custom Lite na Remington walikuwa na Managed-Recoil, zote zilitengenezwa kwa watu wa aina yako na kwa vijana wanaoanza. Mwendo unashuka kwa hiyo umbali wako nao unashuka, na darubini lazima uipange upya maana risasi haitaangukia palepale.

Cha pili ni uzito. Uzuri wa uzito ni kwamba hesabu yake ni rahisi, ukiongeza uzito wa bunduki mara mbili nishati inayokufikia begani inabaki nusu. .300 hiyohiyo kwenye bunduki ya kilo 4.5 inashuka kutoka 49 mpaka kama 33. Bado ni nyingi lakini ona tofauti ilivyo. Unaweza kupata uzito kwa kuweka kitako cha mbao nzito badala ya plastiki, mtutu mnene, au kujaza vipande vya madini ya risasi (ledi, si risasi za kupigia) ndani ya kitako kama kina uwazi. Halafu angalia uwiano, ukijaza nyuma tu mtutu unakuwa mwepesi kichwani na unaruka juu.

Breki inakuja baada ya hapo na nimeijibu chini kwa mwingine. Raba ndo ya mwisho, na nzuri ipo, Limbsaver au Pachmayr Decelerator zinafanya kazi vizuri, ila kazi yake ni kurefusha tu muda wa pigo ili lisije kwa mkupuo. Haipunguzi jumla ya msukumo hata kidogo. Ikishakuwa ngumu kama soli ya kiatu kwa uzee, badilisha.

Jambo moja la kumuuliza daktari, usimuulize "naweza kuwinda?" maana atadhani unazungumzia kutembea porini. Muulize maswali mawili tofauti, je bega linaweza kunyanyua na kushikilia kilo 4 mbele ya mwili, na je linaweza kupokea mapigo ya ghafla, mangapi kwa siku moja. Majibu yanaweza kutofautiana kabisa.

SWALI: Fundi mimi ni mwanamke mfupi, natumia .308 ya mume wangu. Yeye haimuumizi hata kidogo, mimi kila tukirudi nina alama nyeusi mkononi juu karibu na bega na mara moja darubini ilinichana kwenye nyusi. Mume wangu anasema ni kuzoea. Ni kweli?
*Mama Mdogo wa Bunduki*

JIBU: Dada yangu, si kweli na mwambie shemeji nimesema. Hiyo bunduki haijakuenea, basi. Alama ikiwa mkononi badala ya kifuani maana yake kitako ni kirefu, umeshindwa kukiweka ndani kikakimbilia nje, na darubini kukuchana nyusi ni ushahidi wa pili wa jambo lilelile, unanyoosha shingo mbele kulifuata jicho la darubini kwa sababu huwezi kuifikia ukiwa umesimama kawaida.

Vitako vya kiwandani vingi vina kama sentimita 34 au 35 kutoka kifyatulio mpaka mwisho wa kitako, kipimo kilichowekwa kwa mwanaume wa kimo cha kawaida. Kwako huenda ikatakiwa 31 au 32. Fundi wa bunduki anakata mbao na kufunga raba mahali palipokatwa, na akate kidogokidogo, nawe umevaa koti lile unalowindia maana koti zito peke yake linakula sentimita mbili. Mwambie akupe kile kipande kilichokatwa, ukiuza bunduki mwenye mikono mirefu atakirudishia. Vipo pia vitako vyenye vipande vya kati unavyotoa na kuongeza kwa skrubu, na kama mnatumia bunduki moja wawili hicho ndo chenu.

Jaribio la kujua kama imekuenea: hakikisha haina risasi, fumba macho, inyanyue mpaka begani na shavu lilale kwenye kitako bila kujikaza, halafu fumbua. Kama unaona duara zima la darubini bila kusogeza kichwa, sawa. Kama unaona kivuli au inabidi utambae na shavu, bado. Kati ya pua na kidole gumba cha mkono wa kifyatulio paachwe kama vidole viwili au vitatu. Darubini nyingi za bunduki za kuwindia zinataka jicho liwe sentimita 9 hivi nyuma yake, kwa hiyo ukishafupisha kitako uisogeze mbele nayo, usiache ilipokuwa.

Sasa mahali pa kuweka kitako. Papasa mtulinga wako kwenda nje kuelekea kwenye kiungo cha bega, chini yake, kabla hujafika kwenye kile kifundo kigumu cha bega, utakuta nyama yenye kishimo. Hapo. Ukinyanyua kiwiko cha mkono wa kulia kidogo kile kishimo kinajitengeneza vizuri zaidi. Usiweke juu ya mtulinga, usiweke kwenye kiungo, usiweke kwenye mkono. Halafu vuta bunduki iingie begani kwa nguvu ya wastani kabla ya kufyatua, watu wanaoogopa pigo huwa wanaiacha na nafasi ya kidole kati ya raba na bega, wakidhani wanajihurumia, na hapo ndo inapata nafasi ya kukimbia kabla ya kugonga. Iliyobanwa inakusukuma, iliyoachwa inakugonga.

Na kitu ambacho wanaume hawatakwambia, angalia mkanda wa sidiria unapita wapi. Kibano chake kikiwa chini ya kitako kinaacha alama mbaya kuliko bunduki yenyewe. Usogeze.

SWALI: Kuna jamaa ananiambia breki ya mtutu inaondoa nusu ya pigo, mwingine anasema ni bora kiwambo cha sauti. Nina .30-06, bega lina baridi yabisi.
*Msomaji wa Siku Zote*

JIBU: Wote wawili hawajakudanganya sana. Breki ni matundu tu mdomoni mwa mtutu yanayotupa gesi pembeni na kidogo nyuma, kwa hiyo ile gesi niliyomwambia mzee pale juu badala ya kukusukuma inaanza kuvuta bunduki mbele. Kwa sababu inafanya kazi kwenye gesi peke yake, inasaidia zaidi kaliba zenye baruti nyingi. Nzuri inaweza kukupunguzia theluthi mpaka nusu kweli, na kwenye .30-06 utaisikia tofauti risasi ya kwanza.

Ubaya ni masikio. Mlio wa bunduki ya kuwindia unavuka desibeli 160 na kuanzia 140 sikio linaweza kuharibika hata kwa mlio mmoja, sasa breki inachukua mlio huo inaurudisha kwako na kwa mwenzio aliyesimama pembeni. Ukiwa na breki vaa kinga masikioni kila unapofyatua, hata porini, hata kama mnyama ni mmoja na una haraka, na kwenye uwanja wa shabaha vaa mbili, ya kuziba ndani na ya kufunika juu. Viongozi wengi wa safari za uwindaji hawataki kabisa kusimama karibu na breki na mi nawaelewa. Ukipiga umelala chini kwenye vumbi utaona mwenyewe.

Kiwambo cha sauti, kile kibomba kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kufifisha mlio, hakipunguzi pigo kama breki nzuri, tuseme robo hivi, sehemu kwa kuishika gesi ndani na sehemu kwa uzito wake tu. Ila kinashusha mlio kwa desibeli 20 mpaka 30, na mlio ukishuka mwili wenyewe unaacha kujikaza. Nusu ya tunachoita pigo ni kelele. Kwa bega la baridi yabisi mi ningechukua kiwambo kuliko breki bila kufikiria mara mbili, mradi sheria ya ulipo inaruhusu, maana kuna nchi kama Ufini na Norwei wawindaji wanavitumia kama kitu cha kawaida na kuna nchi ukikutwa nacho ni kesi. Kinga ya masikio bado uvae.

SWALI: Nyinyi wote mnasema bunduki nzito ni dawa. Mimi natumia mkono wa kulia, bega bovu ni la KUSHOTO, limeganda, mkono haunyanyuki kuvuka kifua. Nilifuata ushauri nikachukua bunduki ya kilo 4.8 na sasa ni balaa zaidi.
*Wa Kushoto*

JIBU: Kaka umeniletea swali ambalo wengi hawalifikirii. Bega la kulia linapokea pigo, la kushoto linabeba mzigo, na haya ni maumivu mawili tofauti yenye dawa zinazopingana. Kila gramu inayomsaidia mzee wa hapo juu wewe inakuumiza, kwa sababu mkono wako ndo unaoishikilia mbele ya mwili.

Wewe unataka bunduki nyepesi yenye kaliba ndogo, .243 au 6.5 Creedmoor, ya kilo 3 au pungufu, na pigo litabaki dogo hata ikiwa nyepesi kwa sababu risasi yenyewe ni ndogo. Uwiano uwe karibu na kifyatulio, mtutu mfupi mwembamba, maana uzito ulioko mbele ndo unaovuta bega. Kiwambo kwako sikishauri, kinaning'inia mwisho kabisa.

Halafu acha kabisa kupiga umesimama mikono mitupu. Tumia tripodi, ya miguu mitatu inayobeba bunduki yenyewe, ile ambayo ukiiachia haidondoki. Mkono wa kushoto usiupeleke mbele, ukunje uweke chini ya kitako karibu na kwapa la kulia, unabana kitako kwa ngumi kupandisha na kushusha. Kiwiko kinabaki mbavuni na bega lililoganda halifanyi kazi yoyote. Ukiwa umekaa chini magoti yakiwa mbele ni raha zaidi. Itabidi ujifunze kufungua tripodi haraka bila kelele, na wanyama wengine utawaacha waende kwa sababu hujawahi, hilo lipo.

Na kubeba je? Mkanda mmoja begani unamaliza watu taratibu kabla hata hawajafyatua. Tafuta mkanda wa mabega mawili kama wa begi la mgongoni, au ifunge kwenye begi lenyewe mpaka mfike eneo la wanyama.

SWALI: Porini sisikii kitu lakini nikienda kupanga darubini mezani bega linavimba. Kwa nini?
*Haraka Haraka*

JIBU: Mezani mwili umeinamia mbele, kifua kimeegemea, hauna pa kwenda, pigo lote linaishia begani. Ukisimama mwili wote unayumba nyuma na pigo linatawanyika. Afu porini unapiga moja na akili iko kwa mnyama, mezani unapiga 20 na akili iko begani.

Nyanyua mto wa mbele na kiti mpaka ukae wima kadri inavyowezekana, weka mfuko mdogo wa mchanga kati ya raba na bega, na vaa ile pedi ya begani inayovaliwa juu ya nguo. Piga tatu, pumzika, mtutu nao unapoa. Ukishapanga darubini mazoezi yaliyobaki fanya na .22, pigo lake halifiki hata jouli 1 na kidole kinajifunza yaleyale. Kuhusu zile fremu za chuma zinazoshikilia bunduki nzima, zinasaidia kweli, ila usizijaze vyuma mpaka zisitikisike hata kidogo, pigo lazima liende mahali, likikosa bega litapasua mbao ya kitako au kuharibu darubini. Zijaze kiasi ziteleze kidogo nyuma.

SWALI: Nimewekewa betri ya moyo chini ya mtulinga wa kushoto. Napiga kwa bega la kushoto tangu utoto.
*Jina Kapuni*

JIBU: Acha kupiga kwa bega hilo mpaka uongee na daktari wa moyo aliyekuwekea. Pigo la kitako linatua palepale kilipo kifaa na nyaya zake, na nyaya zinaweza kuharibika. Mara nyingi ushauri wanaotoa ni kuhamia bega la upande wa pili. Ukiniuliza kama raba nene inatosha, hapana. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda nao wamwambie daktari wao kabla, michubuko inakuwa mikubwa kuliko mnavyotegemea.

SWALI: Najaza risasi mwenyewe. Nataka nipunguze baruti kwenye .270 nibaki na nusu ya kipimo, pigo lishuke. Kuna shida?
*Mjazaji*

JIBU: Shida ipo na inaweza kukuondolea vidole na jicho. Baruti zinazoungua taratibu, ambazo ndo za kawaida kwenye .270, hazitaki kupunguzwa kwa kukisia, ganda likibaki na nafasi kubwa tupu presha inaweza kupanda ghafla kuliko hata kipimo kamili. Unaweza kufikiri umetengeneza risasi ya mtoto kumbe umetengeneza bomu.

Njia salama ipo na imeandikwa. Kampuni ya Hodgdon inaruhusu hilo kwa baruti yao ya H4895, unachukua kipimo cha juu kabisa walichoorodhesha cha baruti hiyo kwa kaliba yako na kichwa chako, unachukua asilimia 60 tu ya kipimo hicho, hiyo ndo ya kuanzia, halafu unapanda mpaka upate shabaha nzuri. Kama H4895 haimo kwenye jedwali la kaliba yako, usifanye. Na usihamishe hesabu hiyo kwenda baruti nyingine hata jina likifanana. Chagua na kichwa chepesi, uangalie kinahitaji mwendo gani ili kifunguke ndani ya mnyama, maana kichwa kilichotengenezwa kwa mwendo wa Magnum ukikituma polepole kinapita kama msumari.

SWALI: Tangu bega liume nafumba macho kabla ya kufyatua. Nimehamia .243 wenzangu wananiita binti. Nifanyeje?
*Aliyechekwa*

JIBU: Wakuite tu, mdogo wangu, afu wewe rudi na nyama. Kuna Mskochi mmoja, W.D.M. Bell, aliyewinda tembo Afrika mwanzoni mwa karne ya 20, tembo wengi sana aliwaangusha kwa .275 Rigby, ambayo ni ileile 7x57 Mauser yenye pigo la kistaarabu, kwa sababu alijua ubongo uko wapi na mkono wake haukutikisika. Simwambii mtu aende akarudie, leo nchi nyingi zinadai .375 kwenda juu kwa wanyama hatari na ni sawa kabisa, na wewe pia hakikisha .243 inaruhusiwa kwa mnyama aliye kwenye leseni yako.

Kufumba macho kunatibika. Mwenzio akupakilie magazini akichanganya risasi za kweli na bandia, wewe usijue ipi iko wapi. Ikija bandia utaona mtutu wako ulivyodidimia peke yake bila mlio wowote, aibu tupu, lakini ndo dawa. Kila ukiona hivyo fyatua kavu, yaani bila risasi ndani, mara kadhaa mpaka mtutu utulie, ndipo urudi kwenye za kweli. Acha kabla bega halijaanza kuuma, siku hiyohiyo ukilazimisha unajifundisha tena kufumba.

SWALI: Daktari kasema bega la kulia basi tena. Naweza kuhamia kushoto nikiwa na miaka 50 na kitu?
*Bado Nipo*

JIBU: Unaweza, na wengi wanaohama huwa wazuri zaidi kwa sababu wanaanza bila tabia mbaya. Kwanza jua jicho lako lenye nguvu. Nyoosha mikono, tengeneza kitundu kati ya viganja, angalia kitu kilichoko mbali kupitia hapo macho yote yakiwa wazi, halafu funga jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndo lenyewe. Kama ni la kushoto umepata bahati, kama ni la kulia bandika kipande cha selotepu kwenye lenzi ya kulia ya miwani ya shabaha, ukiwa na darubini haitakusumbua sana.

Anza nyumbani na bunduki tupu, kuinyanyua tu na kuishusha, mpaka shavu la kushoto lilale pahali pake bila kutafuta. Halafu .22. Bunduki yenye bolti (ule mkono wa chuma unaovuta kupakia risasi) upande wa kulia utaipeleka ukiwa umeegemea kitu, mkono wa kulia unabaki huru kuvuta bolti, ila ukiweza tafuta ya mkono wa kushoto. Kabla ya kununua angalia kitako kama kina shavu la upande mmoja, vingi vimechongwa kwa mtu wa kulia na vitakukwaruza. Na kama ni ya kujipakia yenyewe angalia maganda yanarukia wapi, yanapita mbele ya uso wako kabisa yakiwa ya moto, miwani vaa na kola funga.